Ukuta Mwekundu wa Mama Masanja

Rahel alifungua kopo la rangi sebuleni kwetu, akachovya kijiti, akachora mstari ukutani. Nyekundu ya kutu. Akafungua la pili, njano ya bizari, akazikoroga zote mbili juu ya kifuniko mpaka ikatokea rangi ya tatu, ile ya chungwa lililoiva hadi likaanza kusinyaa. Rangi hizo alikuwa ameziona kwenye gazeti la picha kutoka Ulaya, katika nyumba ya watu fulani waliopamba sebule kwa rangi za ule msimu wao ambao majani hugeuka mekundu na ya dhahabu kabla ya kupukutika. Mke wangu amechoka na chokaa. Anasema nyumba zote za watumishi hapa Shinyanga ni nyeupe kama wodi, na yeye hajalazwa.

"Unaonaje?" akaniuliza.

Nilitoka nje. Nikasimama uani kama mtu aliyetukanwa, ngumi nimezikaza, na sikuwa na mtu wa kumpiga.

"Kwani nimefanya nini?" Rahel akanifuata hadi mlangoni, kijiti bado mkononi. "Ni rangi tu, jamani."

Ni rangi tu. Wenzangu wa rika langu, mliokulia kwenye misonge ya udongo na moshi wa samadi, ninyi mnajua kwamba haikuwa rangi tu. Au mnajua na mmeamua kusahau. Mimi nimesoma, nimekwenda hadi chuoni Kampala, nimebishana na wahadhiri juu ya mambo makubwa ya dunia, lakini sikuweza kumjibu mke wangu kwa nini mstari mmoja ukutani ulinitoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Jibu lenyewe ni hili.

Aliyenilea ni bibi mzaa baba. Mama alifariki ningali nanyonya, na Baba alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akirudi mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Watu walimwita bibi Mama Masanja, kwa jina la baba yangu. Kaya yetu ilikuwa upande wa magharibi wa kijiji, imezungukwa na uzio wa minyaa, na kutoka hapo mtu akiondoka alfajiri alifika Kolandoto jua likiwa bado halijawa kali. Miti ilikuwa michache. Tulipikia samadi kavu, kama kila nyumba, na moshi wake mliounusa mnaujua: mzito, mtamu kidogo, unaokaa kwenye blanketi na kwenye nywele mpaka mtu anaufikiri kuwa ni harufu ya mwili wake.

Bibi aliniita mume wangu, kama bibi zetu wote wanavyowatania wajukuu wa kiume.

"Mume wangu, samadi imekwisha. Utaleta, au niolewe kwingine?"

"Olewa tu," nilimjibu. "Mimi nitaoa mwenye meno."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa na meno machache, na yale machache aliyaonyesha bila haya.

Mtama ukishavunwa, nyasi zikikauka na vumbi likianza kutembea lenyewe barabarani, bibi aliipamba nyumba. Wanawake wengine nao walisiriba kuta zao msimu huo, udongo na mavi ya ng'ombe, wakamaliza. Yeye hapo ndipo alipoanzia. Alisema nchi ikishavua nguo yake ya kijani, inabaki na nguo zake za ndani, nyekundu ya mtama, njano ya mabua, kahawia ya majani yaliyokauka mtini, na kwamba ni aibu nchi ivae vizuri hivyo halafu nyumba ya mtu ikae kama maiti. Kwa hiyo nyumba yetu ilivaa. Chini kulikuwa na mkanda mweusi wa udongo wa mbugani. Juu yake meno ya njano, yamepangana kama meno ya mamba. Juu ya meno, nyekundu. Si nyekundu moja. Zilikuwapo nyekundu za namna nyingi, kutoka ile ya nyanya hadi ile ya ini, na zilizunguka nyumba nzima hadi zikakutana mlangoni.

Siri ya nyekundu ilikuwa moto. Udongo wenyewe ulikuwa wa njano. Bibi aliutwanga, akauchekecha, akautandaza kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, akakiweka juu ya makaa ya samadi. Kisha akainama, akapuliza. Njano iligeuka chungwa. Akipuliza zaidi, chungwa iligeuka nyekundu, na akiuacha bado, nyekundu ikawa kahawia nzito. Ilibidi uso uwe pale pale juu ya moshi, maana rangi iligeuka ghafla na ukikosa kuiona imekupita. Halafu aliikoroga kwa ute wa mlenda ili ishike ukutani, akapaka kwa nyuzi za mkonge alizozitafuna ncha.

Udongo bora wa njano aliletewa na Baba kutoka Geita, mfuko mzima. Wana wa wenzake walileta blanketi na taa za kandili. Mama Limi, jirani yetu, alikuja kuona zawadi.

"Mwanao amekuletea nini kutoka kwenye dhahabu?"

"Matope," bibi akasema. "Na ni mazuri."

Mimi nilijua zaidi yao wote. Udongo ulitoka mgodini, ulikuwa wa njano, na Baba aliubeba kwa uangalifu. Basi ilikuwa dhahabu, na bibi, kwa ujanja wake, alikuwa anaificha mahali ambapo hakuna mwizi angefikiria kutazama, yaani ukutani, mbele ya kila mtu. Nililala kwa raha sana mwaka ule. Nilijua tulikuwa matajiri.

Mama Limi hakuwa mwanamke mbaya. Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa. Alikuwa kijana wa kutosha kuwa binti wa bibi, na alikuja kusaidia kupuliza. Alijifunza. Walikaa wawili mbele ya kigae wakikohoa na kusengenya.

"Mayu, macho yako yameiva kuliko udongo," alimwambia bibi siku moja, akimwita mayu kama tunavyowaita mama zetu.

"Acha yaive. Nitayapaka ukutani."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, maana ilikuwa kweli: macho ya bibi yalikuwa mekundu kama kuta zake, na kwangu mimi lilikuwa jambo la kujivunia. Niliona rangi imempenda, imeingia ndani.

Watu walianza kuja jioni. Wanaume waliokuwa wakirudisha ng'ombe walisimama nje ya minyaa, wakatazama. Kesho yake wakaja wengine. Hawakubisha hodi, hawakusalimu kwa sauti, walisimama tu, mikono nyuma, wakitazama nyumba yetu inavyowaka jua likizama. Furaha yangu haikuwa na kipimo. Nyumba yetu ilikuwa imejulikana! Niliwapelekea vigoda. Hakuna aliyekaa.

"Karibuni," niliwaambia. "Mnatazama nini?"

"Tunatazama ukuta tu, kijana," alijibu mmoja, akatema mate pembeni.

Nilikimbia ndani. "Bibi, wamekuja tena! Wanaipenda nyumba yetu!"

Mkono wake wenye mkonge ulisimama. Kisha ukaendelea. "Waache watazame," akasema. "Ukuta haukondi kwa kutazamwa."

Ng'ombe wa Baba Limi, mume wa huyo Mama Limi, walikuwa wanakufa. Mmoja alianguka malishoni, mwingine zizini, kisha wengine. Bwana mifugo wa serikali alikuja na kofia yake, akawapasua, akasema ni homa inayoletwa na kupe. Watu wakamwitikia, ndiyo bwana. Alipoondoka, wakampeleka kuku kwa mfumu, yule mwaguzi asomaye matumbo ya kuku. Kuku akasema ni mtu. Wakamwitikia na kuku. Hilo linanikera hadi leo kuliko ujinga wenyewe: kwamba waliweza kuwaitikia wote wawili, siku moja, kwa sauti ile ile, na hakuna aliyeuliza inawezekanaje.

Kuku alisema mtu huyo anakaa magharibi, anakaa na moto, na moto umemwingia machoni.

Tazameni basi. Nchi isiyo na kuni, wanawake wote wanapikia samadi, kila bibi aliyeishi vya kutosha ana macho mekundu. Tumewaweka mama zetu ndani ya moshi maisha yao yote, watupikie ugali, halafu wakizeeka tunawageukia na kuwauliza, mbona macho yako mekundu? Baba Limi mwenyewe alikuwa na macho mekundu kwa pombe tangu nimjue. Hakuna kuku aliyemsoma.

Sikujua lolote la kuku wakati ule. Nilichoona ni kwamba watu hawakuja tena kuomba moto. Mnakumbuka desturi: moto ukizimika kwako, unamtuma mtoto na kigae kwa jirani, anapewa makaa, na hakuna anayenyimwa, hata adui. Moto wa bibi haukuwa ukizimika, kwa sababu ya udongo, kwa hiyo watoto wa upande wetu wote walikuja kwetu asubuhi. Wakaacha kuja. Nilifikiri wamekuwa hodari wa kutunza moto wao.

Bibi alijua. Siku moja aliosha uso, akavaa nguo yake safi. "Mume wangu, nisindikize Kolandoto hospitali. Nataka nikuone vizuri kabla hujaoa huyo mwenye meno."

Kule hospitali kijana mmoja mpole alimfunua kope, akatazama.

"Unapikia nini, bibi?"

"Samadi. Na ninachoma udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kupamba nyumba."

Yule kijana akatabasamu. "Ni moshi tu, bibi. Nusu ya wamama wa huku wana macho haya." Akampa dawa ya kupaka, akamwambia akae mbali na moshi. Tulikaa kwa ndugu yetu mmoja pale pale Kolandoto, aliyetupa chumba cha mbali na jiko, na bibi alipaka dawa asubuhi na jioni kama mtu anayesali. Macho yalitulia. Weupe ukarudi. Siku aliyojitazama kwenye kipande cha kioo cha mwenyeji wetu, alipiga kigelegele.

"Tazama! Macho ya mwali!"

Nilidhani anashangilia uzuri. Kumbe alikuwa amepata ushahidi, na alikuwa anaupeleka nyumbani umebandikwa usoni, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeshindwa kuuona. Aliamini kwamba watu wakiambiwa ukweli na wakauona kwa macho yao, yamekwisha. Mimi nimekuta kosa hilo hilo kwa watu wenye shahada.

Tuliporudi, moto ulikuwa umezimika, maana hapakuwa na mtu. Akanituma kwa Mama Limi na kigae.

"Shikamoo. Bibi ameniagiza moto."

Mama Limi alisimama mlangoni akaziba mlango wote. "Moto hakuna."

Nyuma yake moshi ulikuwa unapanda. Nikainama nichungulie chini ya mkono wake. "Si ule pale?"

"Nimesema hakuna." Kucha zake zilikuwa bado na njano ya udongo wetu. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Nenda, mwanangu. Usionekane hapa."

Nilirudi na kigae kitupu. Bibi akachukua vijiti, akaanza kupekecha moto mwenyewe, kama watu wa kale. Hakuniuliza Mama Limi alisema nini.

Baba aliitwa kutoka Geita. Baraza lilikaa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, mtu mchovu aliyependa mambo yaishe. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma. Bibi alisimama katikati, nami nikashika nguo yake. Hakungoja kuulizwa.

"Mlisema macho yangu ni mekundu," akasema. "Nimekwenda Kolandoto. Wamesema ni moshi. Haya, njoni mtazame. Yamepona."

Wakatazama. Hata mimi niliona wanavyoyatazama, na kwa kitambo kidogo nilifikiri tumeshinda, maana kulikuwa kimya.

Baba Limi akasimama. "Mmesikia wenyewe. Ng'ombe wangu walipokuwa wanakufa, macho yalikuwa mekundu. Ng'ombe wamekwisha, macho yametulia." Akawageukia watu. "Ameshiba."

Watu wakaguna, guno moja refu.

"Na mchawi gani," akaongeza mzee mwingine, "asiyejua kujificha?"

Bibi aliwatazama mmoja mmoja kwa yale macho yake mapya. Wengi wao aliwashika walipozaliwa. "Yakiwa mekundu, mimi mchawi," akasema. "Yakiwa meupe, mimi mchawi. Niambieni basi niyapake rangi gani."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na sijakutana na swali lililo safi kuliko hilo. Lilimaliza kila kitu. Hapakuwa na upande uliobaki wa kusimama. Na halikusaidia chochote, kwa sababu watu wale hawakuwa wamekuja kutafuta jibu.

Mwanangwa akamgeukia baba yangu. "Masanja. Wewe umesoma darasa, umekaa na Wazungu mgodini, umeona mashine na madaktari. Unasemaje juu ya jambo la mama yako?"

Baba alikuwa amevaa viatu vyake vya mgodini. Alivitazama. Alijua. Hilo ndilo ninalotaka muelewe: kati ya watu wote pale, yeye alijua kabisa kwamba ni moshi. Alikuwa amewahi kuniambia mwenyewe, akicheka, habari za watu wa kijijini na kuku zao.

"Wazee wamesema," akajibu.

Maneno mawili. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanisomesha kwa jasho lake, na kila nilipomwamkia shikamoo nilikuwa nikiyasikia. Wapo wanaosema aliogopa wangemuua bibi kama angebisha, kwamba kwa kunyamaza alimwokoa. Huenda. Lakini hofu ile ile ya watu wanaojua ndiyo inayompa kuku sauti. Kuku peke yake ni kitoweo.

Waliamua aondoke kabla ya mvua, na nyumba ivuliwe rangi zake. Kazi hiyo walipewa wanawake. Walikuja na majembe na vikapu, Mama Limi akiwa mbele, uso ameuinamisha. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mgongo umenyooka, akiwatazama wakiparua. Vumbi jekundu lilijaa uani, likatua kwenye nywele zao na kwenye minyaa. Ilikuwa kama nyumba inatoka damu kavu.

"Mama Limi," bibi akaita. Wote wakasimama. "Hapo kwenye nyekundu parua taratibu. Chini yake kuna njano nzuri, utaichanganya."

Mama Limi hakuinua uso. Lakini nikamwona anaparua taratibu.

Walijaza vikapu, wakaenda navyo. Nikadhani wanakwenda kuutupa udongo ule mtoni. Nililia kwa sababu dhahabu yetu yote ilikuwa inapotea majini, na nilikuwa nimeahidiwa baiskeli nikikua.

Baba alituhamishia mbali magharibi, upande wa Buseresere, kwa mtu aliyefahamiana naye mgodini. Watu wa kule walisema Kizinza na Kisumbwa, na bibi, aliyekuwa na neno kwa kila mpita njia, akawa mtu wa kutikisa kichwa. Chumba chetu kilikuwa na kuta tupu za udongo. Kiangazi kilipokuja, nchi ikavaa tena nguo zake za ndani, nikamwambia bibi, nitwange?

"Udongo wa huku hatujuani," akasema.

Hakupaka tena kitu chochote. Alikufa macho yake yakiwa meupe kabisa.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia Rahel pale uani. Badala yake, Jumamosi ile niliwasha pikipiki ya rafiki yangu, nikaenda kijijini. Sikuwahi kurudi tangu tuondoke. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Kugombana, nadhani, na yeyote atakayekuwa hai.

Kaya yetu haipo. Minyaa imekuwa mikubwa na katikati yake watu wanalima mihogo. Nilisimama pale, kisha nikageuka kuelekea kwa Mama Limi, na nikauona ukuta wake kabla sijaiona nyumba.

Mkanda mweusi chini. Meno ya njano kama ya mamba. Na juu yake nyekundu zote, ya nyanya, ya kutu, ya ini, zikizunguka hadi mlangoni, zimepakwa na mkono uliofundishwa vizuri. Jua la jioni lilikuwa linazipiga. Ilikuwa nyumba ya bibi, imesimama mahali pasipo pake.

Hasira niliyokuwa nayo sikuwahi kuwa nayo kabla wala baada. Walimfukuza, wakabaki na rangi zake.

"Hodi," nikasema.

Mwanamke mzee akatoka, ameinama, anajifuta machozi kwa khanga. Alikuwa amekonda. Baba Limi alikwisha kufa, aliniambia baadaye, na watoto wamesambaa. Kigae kilikuwa motoni nyuma yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. U mtoto wa nani?"

"Wa Masanja."

Akashika kizingiti. Nikaonyesha ukuta kwa kidole, na sauti yangu ilikuwa mbaya. "Hizi rangi ulizipata wapi?"

"Ni za zamani tu," akasema haraka. "Za wazee." Halafu akanitazama usoni, akaona kwamba haitoshi. "Ni zake. Sikutupa ule udongo mtoni. Niliuficha shimoni mpaka watu wakasahau. Ukiutupa udongo kama ule, utakuwa mtu wa namna gani?"

"Ukinyima mtu moto, unakuwa mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwuliza swali hilo, na lilipotoka nikaona ni dogo, halikujaza hata uwanja ule.

Akakaa kwenye kigoda, akanisogezea kingine. Labda alitaka kunipa kitu kizuri, hakuwa na kingine. "Lakini wanaupenda," akasema, akiugeukia ukuta wake. "Siku hizi wanakuja kila jioni kuutazama. Wanasimama pale kwenye uzio. Hata wageni."

Nilimtazama machoni kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu kama makaa.

"Kuna mtu amefiwa na ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe wa kwa Shija wanakufa. Ni mwaka mbaya. Kwa nini?"

Nilikuwa na haki ya kufurahi. Niliitafuta furaha hiyo, sifichi. Nilimtaka aonje kikombe kile hadi mashapo yake. Lakini nilichokiona mbele yangu kilikuwa ni kikongwe na kigae, na moshi ule ule, na nikaona kwamba nikifurahi nitakuwa nimekaa upande wa kuku.

"Mayu," nikasema, "hawaji kutazama ukuta."

Ilimchukua muda. Niliona neno hilo linavyoingia, taratibu, kama udongo unavyogeuka rangi. Mkono wake ukapanda usoni, ukagusa kope.

"Kolandoto," akanong'ona. "Yeye walimponya Kolandoto. Nami nikienda..." Akanyamaza katikati, kwa sababu alikuwapo barazani siku ile, nyuma na wanawake, na aliguna pamoja nao.

Nje ya uzio walikuwa wamefika. Wanaume wachache, mikono nyuma, na kijana mmoja mwenye fimbo ya kuchungia. Walisimama bila kusalimu. Nikainuka, nikaenda nikasimama mbele ya mlango wa Mama Limi, mgongo wangu ukutani, nikasikia joto la ule udongo kupitia shati.

"Karibuni," nikawaambia. "Mnatazama nini?"

"Tunatazama ukuta tu, bwana," mmoja akajibu.

"Udongo huu ulichomwa na bibi yangu, Mama Masanja, aliyefukuzwa hapa kwa sababu ya moshi. Huyu mama naye anachoma udongo huo huo. Nitarudi kesho, na Jumamosi ijayo, na inayofuata. Anayetaka kutazama aingie, akae, aseme anachokiona, mbele yangu."

Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyeondoka pia. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni, nikaanza kuwatazama mimi, mmoja mmoja, macho kwa macho, na nyuma yangu nikamsikia Mama Limi anaondoa kigae motoni.